Kachumbari ya Mpumudde: Kwa nini chakula kisichopikwa kinadai uangalifu zaidi

Jioni inapokaribia katika kitongoji cha Mpumudde, jijini Jinja, wachomaji wa nyama na samaki huwasha makaa kando ya barabara. Nyama itakaa juu ya wavu mpaka ikauke damu, gonja itageuzwa mpaka ipate rangi, chapati itatoka kwenye kikaango ingali na moto wake. Kando ya vyote hivyo huwa kuna beseni la nyanya zilizokatwa, vitunguu vyekundu na pilipili. Hiyo ndiyo kachumbari, na katika sahani nzima ni kitu pekee kitakachofika mdomoni bila kupita motoni.

Wageni wanaokuja Jinja kuendesha mashua katika mikondo mikali ya Mto Nile hukutana na mchanganyiko uleule katika orodha za vyakula za hoteli, ukiwa na jina la salsa. Neno hilo ni la Kihispania na maana yake ni mchuzi tu. Salsa mbichi ya Mexico ina nyanya, kitunguu, pilipili, majani ya dania, maji ya ndimu na chumvi. Mpishi wa Mpumudde akisomewa orodha hiyo atauliza tofauti iko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Tofauti iko zaidi katika mkono kuliko katika vitu vyenyewe. Watu wa Mexico hukata vipande vidogo vya mraba ili viweze kuchotwa kwa kipande cha mkate wa mahindi, ilhali kachumbari ya Afrika Mashariki hukatwa vipande vyembamba vinavyolala vizuri juu ya nyama.

Kuitengeneza nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana katika masoko ya Jinja na Mbale, hakuchukui zaidi ya nusu saa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla kisu hakijashikwa, na hapo ndipo wengi huharakisha.

Neno la Kihindi, mazao ya Amerika

Jina kachumbari lina asili ya Bara Hindi, ambako saladi ya nyanya, vitunguu na matango huitwa kwa jina linalokaribiana sana na hilo. Nyanya na pilipili nazo zilitoka mbali zaidi. Zote mbili ni mimea ya bara la Amerika, na hazikuonekana Afrika kabla ya safari za Wahispania na Wareno zilizoanza mwishoni mwa karne ya 15. Kiswahili kiliiweka nyanya katika ukoo mmoja na nyanya chungu, ile ambayo Waganda huiita ntula, na wataalamu wa mimea hawana ugomvi na uamuzi huo, kwani mimea hiyo miwili ni ndugu kweli.

Jinja ilikuwa mahali pafaapo kwa chakula cha namna hii kuota mizizi. Mji huo ulikuwa na jamii kubwa ya Wahindi, wenye maduka na viwanda, hadi serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia mwaka 1972. Ulikuwa pia na vibarua na mafundi kutoka Kenya na kwingineko, waliovutwa na reli, viwanda vya nguo na sukari, na bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kiswahili kilikuwa lugha ya watu hao kuelewana kazini na sokoni, na ingawa wanaokizungumza nyumbani bado ni wachache, maneno yake ya jikoni yamesambaa kuwazidi wasemaji wenyewe. Mtu anayeagiza chakula kwa Kisoga au Kiganda, hata kama hajui sentensi moja ya Kiswahili, huomba kachumbari kwa jina hilohilo, akibadilisha tu herufi moja au mbili.

Mpumudde yenyewe inajulikana katika historia kwa jambo jingine kabisa. Hapo ndipo Kabalega, Omukama wa Bunyoro, alipofariki mwaka 1923, akiwa njiani kurudi nyumbani baada ya kuwekwa uhamishoni na Waingereza katika visiwa vya Shelisheli kwa zaidi ya miaka 20. Kwa Kiganda jina la mahali hapo humaanisha "nimepumzika", na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulisikia hilo.

Unga mweupe juu ya nyanya

Mnunuzi anayesimama mbele ya mafungu ya nyanya sokoni mara nyingi huona madoa ya unga mweupe, au wa manjano hafifu, juu ya ganda. Wengi huyadhania kuwa ni vumbi la barabarani. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kuzuia ukungu, na dawa inayotumika sana ni mankozebu.

Sababu ya dawa hiyo kuwa nyingi ni hali ya hewa. Uganda ya mashariki hupata mvua kubwa kati ya Machi na Mei, kisha tena kati ya Septemba na Novemba, na katika unyevu huo ugonjwa wa mnyauko wa majani unaoletwa na ukungu unaweza kumaliza shamba la nyanya kwa siku chache. Mkulima hupulizia dawa, mvua huiosha, naye hupulizia tena. Watafiti waliochunguza jambo hili nchini Uganda wameeleza kwamba baadhi ya wakulima hupulizia hadi karibu kabisa na siku ya kuvuna, na wengine hata baada ya kuvuna, kwa imani kwamba nyanya zitakaa siku nyingi zaidi bila kuoza. Dawa hiyo hutakiwa kuachiwa siku kadhaa kabla ya mavuno, na idadi ya siku hizo huandikwa kwenye pakiti. Nyanya iliyopuliziwa jana na kuuzwa leo haijapewa siku hizo.

Si haki kumtupia mkulima lawama zote. Yeye ndiye anayebeba bomba mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa, na ndiye wa kwanza kuivuta dawa hiyo. Lakini hoja ya afya ni nzito. Umoja wa Ulaya uliamua mnamo Desemba 2020 kutoendelea kuiruhusu mankozebu mashambani mwake, kwa sababu ya wasiwasi kuhusu athari zake kwa uzazi na kwa homoni za mwili.

Habari njema kwa mpishi ni kwamba dawa hii haiingii ndani sana ya tunda. Hukaa juu ya ganda, na kwa hiyo maji na kusugua kwa mkono huondoa sehemu yake kubwa. Asiyeridhika anaweza kuitumbukiza nyanya katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kuihamishia katika maji baridi, kisha kuimenya. Wapo wanaoamini kwamba kupika kunamaliza tatizo hili bila haja ya kuosha. Imani hiyo ni ya kuachwa, kwa kuwa joto huibadilisha sehemu ya mankozebu kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inatiliwa shaka kiafya. Nyanya ya kupika na nyanya ya kuliwa mbichi zote zinastahili kuoshwa vizuri kabla ya jambo lolote jingine.

Vijidudu havionekani kama unga

Mwaka 2008 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa kuhara uliosababishwa na bakteria wa salmonela. Zaidi ya watu 1,400 walithibitishwa kuugua. Mamlaka za afya zilianza kwa kuishuku nyanya mbichi, zikawaonya walaji, na wakulima wa nyanya wakapata hasara kubwa huku mazao yao yakiozea maghalani. Baadaye uchunguzi ulielekea kwenye pilipili mbichi zilizotoka Mexico, na bakteria huyo akapatikana kwenye pilipili na katika maji ya kumwagilia ya shamba moja huko. Salsa ilikuwa miongoni mwa vyakula ambavyo wagonjwa wengi walikuwa wamekula, na kwa kuwa ndani yake kila kitu kimechanganyika, ilichukua majuma mengi kujua mwenye kosa ni nani.

Mpishi wa Jinja anaweza kujifunza jambo moja la wazi kutokana na kisa hicho. Kuosha nyanya kwa bidii na kuitupia pilipili beseni bila kuiosha, kwa sababu ni ndogo na inaonekana safi, ni kazi bure. Dania ndiyo inayohitaji subira zaidi. Hukua karibu na udongo, na mchanga hujificha kwenye vikonyo vyake. Ikatwe mizizi, itawanywe katika beseni la maji, itikiswe, maji yamwagwe, na hivyo tena mpaka beseni libaki bila chembe ya mchanga chini.

Swali linalofuata ni la maji yenyewe. Homa ya matumbo, ambayo wengi nchini Uganda huiita taifodi, pamoja na kipindupindu, husafiri kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo uliotokea Kampala mwanzoni mwa mwaka 2015 ulihusishwa na maji machafu na vinywaji vya matunda vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Kwa hiyo maji ya kuoshea mara ya mwisho, yale ambayo hayatafuatwa na moto, yanapaswa kuwa sawa na maji ya kunywa. Yaliyochotwa kisimani, chemchemini au ziwani yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili na yapoe, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Sabuni haifai kuoshea mboga, kwani nyanya na majani huweza kuinyonya.

Kisha kuna ubao. Katika vibanda vingi vya nyama choma, gogo linalokatiwa nyama mbichi ndilo hilohilo linalokatiwa nyanya, na kitambaa kinachofuta kisu ndicho kinachofuta mikono iliyopokea pesa. Nyama itapata moto wa kuua kilichomo, lakini nyanya iliyokatwa juu ya damu haitaupata. Nyumbani, dawa ni nyepesi: kachumbari ikatwe kwanza, nyama baadaye, au ziwepo mbao mbili.

Ndimu nayo ina sifa zake, na si za ladha pekee. Nchini Guinea-Bissau, wakati wa milipuko ya kipindupindu ya miaka ya 1990, watafiti waligundua kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wa kulia wali walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua. Uchachu humdhoofisha bakteria wa kipindupindu. Lakini si vijidudu vyote vinavyosalimu amri kwa ndimu, na hakuna anayepaswa kukamua ndimu juu ya nyanya chafu na kujiona amemaliza kazi.

Namna ya kuitengeneza

Kwa watu wanne au watano, zinatosha nyanya nne zilizoiva lakini ngumu, kitunguu chekundu kimoja kikubwa, pilipili moja, ndimu moja yenye maji, nusu kishada cha dania, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nyanya ndefu za umbo la yai hufaa kuliko zile za mviringo zenye maji mengi, maana hazifanyi bakuli kuwa supu. Nyanya zisizoiva sawasawa ziachwe juu ya meza siku moja au mbili. Friji huziharibia ladha kabla hazijakatwa.

Kitunguu ndicho cha kuanza nacho. Vitunguu vyekundu hulimwa katika nchi za Afrika Mashariki zote, na vile vya miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, ni vikali. Ukali huo haumo ndani ya kitunguu kizima. Hutokea kisu kinapopasua chembe zake, na vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa vikakutana na kuunda gesi ile ile inayowatoa watu machozi. Kisu kikali hupasua chembe chache zaidi, na ndiyo maana butu humliza mpishi.

Kitunguu kikatwe vipande vyembamba kadiri mkono unavyoweza, kinyunyiziwe kijiko cha chumvi, kisha kiminywe taratibu kwa vidole mpaka kilegee. Kiachwe dakika kumi. Maji yatakayotoka yana ukali mwingi ndani yake. Yamwagwe, na kitunguu kisuuzwe mara mbili kwa maji salama. Wauzaji wengine hutumia beseni moja la maji kusuuzia vitunguu vya jioni nzima, na mteja makini anayeliona beseni hilo likiwa na rangi ya zambarau angefanya vyema kula nyama yake peke yake.

Baada ya hapo kitunguu kikamuliwe ndimu kikiwa peke yake. Ndani ya dakika chache rangi yake hugeuka kuwa waridi inayong'aa, kwa sababu rangi ya asili ya kitunguu chekundu hubadilika inapokutana na uchachu. Ni ishara nzuri kwamba ndimu imepenya.

Nyanya zifuate. Zikatwe nusu, kisha vipande vyembamba. Wapo wanaotoa mbegu zote pamoja na ute wake ili kachumbari isichuruzike maji, lakini ute huo ndio wenye ladha nyingi ya nyanya, na kuutupa ni hasara. Afadhali kuchagua nyanya ngumu na kuchelewesha chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka katika kila kilichokatwa, na ikitiwa mapema, bakuli litajaa maji na nyanya zitabaki kama vitambaa. Itiwe dakika ya mwisho, wakati sahani zimekwisha kupangwa.

Kuhusu pilipili, kila nyumba ina sheria yake. Kamulali, ile pilipili ndogo nyembamba inayoota hata uani, ni kali sana licha ya udogo wake. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri inayokaribia ya tunda. Katika zote mbili, kinachowasha kimejaa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, si katika mbegu zenyewe kama inavyosemwa. Anayetaka harufu bila moto aukwangue utando huo. Kitu hicho hakiyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo aliyeungua mdomo atasaidiwa na maziwa kuliko maji, na aliyekata pilipili apake mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kunawa kwa sabuni. Asiyefanya hivyo ataikumbuka pilipili hiyo atakapogusa jicho.

Dania ikatwe mwisho, vikonyo vyembamba pamoja na majani, na vyote vichanganywe kwa kijiko safi badala ya mkono.

Embe, nanasi na nyanya za kuchoma

Msimu wa maembe unapofika Busoga na Teso, na maembe yakaanguka kuliko watoto wanavyoweza kuyala, embe lisiloiva sana linaweza kuchukua nafasi ya nusu ya nyanya. Kachumbari hiyo huenda vizuri na samaki wa kuchoma wanaotoka ziwani kupitia mwalo wa Masese. Nanasi za Kayunga, ng'ambo ya Mto Nile, hufanya kazi hiyohiyo, mradi zikatwe ndogo na chumvi ipunguzwe. Parachichi huongezwa mezani, si mapema, kwa kuwa hugeuka kahawia likikaa. Mafuta yake yana faida ya ziada, maana husaidia mwili kuifyonza rangi nyekundu ya nyanya, ambayo ni miongoni mwa virutubisho vyake.

Kwa wenye kinga dhaifu, wajawazito, wazee na watoto wadogo, ipo njia inayorudisha moto jikoni. Nyanya, kitunguu na pilipili, vikiwa vimeoshwa, huwekwa vizima juu ya sigiri mpaka maganda yaungue na kupasuka. Humenywa, hutwangwa katika kinu kidogo pamoja na chumvi, kisha hukamuliwa ndimu. Mexico wana salsa ya namna hiyo, wakiitwanga katika kinu cha jiwe. Ladha yake ina moshi na utamu ambao ile mbichi haina, na baadhi ya watu wakiizoea hawarudi nyuma.

Muda wa saa mbili

Nyanya nzima ina ganda linaloilinda. Ikikatwa, hugeuka kuwa chakula kizuri kwa bakteria pia, na katika joto la Jinja huongezeka upesi. Ushauri unaotolewa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba mboga na matunda yaliyokatwa yasikae nje ya friji kwa zaidi ya saa mbili. Kwa muuzaji wa barabarani asiye na friji, hilo lina maana ya kukata kidogo kidogo, nyanya tano au sita kwa wakati, na kufunika beseni ili nzi wasitue. Ni usumbufu, na huenda mteja akasubiri dakika mbili zaidi. Lakini kachumbari iliyokatwa saa kumi na moja jioni na kuuzwa saa nne usiku ina maji mengi, haina ladha, na hakuna ndimu itakayoiokoa.

Nyumbani, iliyobaki baada ya chakula cha jioni isiwekewe kesho ikiwa mbichi, isipokuwa kama kuna friji na bakuli lenye kifuniko, na hata hapo iliwe kabla ya siku kwisha. Pasipo friji, sufuria ya maharage ya usiku huohuo ndiyo mahali pake: imiminwe humo maharage yakiwa bado yanachemka, ichochewe, na iachwe motoni kwa dakika kumi.